Mstari wa Marehemu

Kwa wakazi wote wa Kitale, Bungoma na viunga vyake. Kwa wazee wa vijiji, makasisi, kina mama wa vyama na walimu wa zamu: inatangazwa kwamba msukosuko mkubwa uliingia katika nyumba moja yenye heshima, ukatikisa ndoa, kazi na ukoo, na kwamba msimulizi wake ni mtu asiye na upande, ajuaye yaliyomo mioyoni mwa watu wote.

Msukosuko wenyewe ni kwamba ripoti ya maziwa ilichelewa. Msimulizi ni mimi, Joy, wa kidato cha tatu, niliyekuwa nyumbani Bungoma katikati ya muhula kwa sababu mwalimu mkuu aliona nahitaji kupumzika, baada ya kengele ya bweni kuamsha shule nzima kabla hata jogoo hawajafikiria. Mambo ya kengele tuyaache. Hapa tunazungumzia watu wazima.

Mtu mzima wa kwanza ni shemeji yangu Levi Wakhungu, mume wa dada yangu Nasambu. Wanaishi Kitale, ambako Levi anatunza kompyuta za ushirika wa maziwa unaokusanya kuanzia Endebess, chini ya mlima, hadi huku kwetu. Kila mwisho wa mwezi ushirika hutoa ripoti ya kila mwanachama na lita zake, na pasipo ripoti hakuna malipo. Zamani ilitoka kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Mwaka huu ilianza kuchukua muda wa kuchemsha githeri ya mahindi makavu na maharagwe, na wakulima hawakukawia kuipa jina hilo.

"Kijana wa kompyuta," meneja Gathii alimwita siku moja mbele ya foleni nzima. Levi ana watoto wawili na nywele zimeanza kumhama.

"Niko, bosi."

"Githeri yako imefika wapi?"

"Inaendelea, bosi."

"Inaendelea ama imelala? Hawa watu wako hapa tangu asubuhi na mimi sina sahani za kuwapa."

Foleni ikacheka. Levi naye akacheka kidogo, maana ukichekwa na watu wengi ni afadhali ujiunge nao. Kisha Gathii akamwita ofisini, akakalia kiti chake mwenyewe, akaweka faili juu ya kile kiti kingine, na Levi akasimama.

"Nimeuliza watu wanaojua hii maneno," Gathii alisema. "Ripoti yako imejaa wafu. Kuna mstari huko ndani unauliza kama mtu amekufa, kama amezikwa, kama ukoo umekaa, kama haujakaa. Huu ni ushirika ama ni makaburi? Toa huo mstari. Mtu akikufa, namba yake inafungwa siku hiyo."

"Lakini bosi, kuna familia bado zinaleta maziwa kwa hizo namba."

"Zijisajili upya kama watu wengine. Jumatatu halmashauri inakaa. Nataka kuwaambia vitu viwili: wafu wametoka, na tunanunua seva mpya. Tutakata kidogo kwa kila lita, hata hawatasikia. Ukiona kazi ni ngumu, niambie. Vijana wa kompyuta wamejaa hapa Kitale, bana."

"Sawa, bosi," Levi alisema.

Hilo neno "sawa" ndilo ugonjwa wa shemeji yangu. Analisema kama mtu anayepiga chafya.

Sasa nieleze huo mstari, kwa sababu kesi nzima inauzunguka. Kwetu mwanamume akifa, mali yake haisogei mpaka ukoo ukae na kumtaja atakayesimama mahali pake. Kukaa huko kunaweza kuchukua msimu mzima, au zaidi ikiwa ndugu wanagombania ng'ombe. Wakati huo wote mjane anaendelea kukama, kwa kuwa ng'ombe hawajui matanga. Maziwa anapeleka kwa namba ya marehemu. Hawezi kujisajili upya, kwa kuwa ushirika unataka jina la mrithi, na jina la mrithi liko mdomoni mwa ukoo ambao haujakaa. Ukiifunga namba, umemfunga yeye.

Mama yetu, Nabwile, ndiye aliyekuwa akitunza kompyuta hizo kabla ya Levi. Baba alipofariki ushirika ulifunga namba yake siku hiyo hiyo, na lori la maziwa likapita mbele ya mikebe yetu iliyojaa bila kupunguza mwendo. Mama alirudi kazini akiwa bado amenyolewa nywele za matanga, akaketi, akaandika mstari ule. Hakuomba ruhusa ya mtu. Tangu hapo marehemu hafutwi mpaka ukoo wake ukae, na wa Baba bado unagombania ng'ombe mpaka leo.

Mama alistaafu, Levi akaingia. Na sasa Levi alikuwa ameahidi kuufuta mstari wa mama mkwe wake.

*

Jumamosi walikuja Bungoma, yeye na Nasambu, na kompyuta ndani ya mfuko wa unga ili isinyeshewe.

Ugumu ulikuwa huu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja wao anagundua ghafla kwamba ana shughuli migombani. Si uadui. Ni heshima, na heshima hiyo Mama anaitunza kuliko ng'ombe wake wa gredi, wale wa maziwa mengi. Basi Levi aliketi sebuleni, Mama akaketi katika jiko la nje, na kati yao ukabaki uwanja wenye matope na Nasambu wa kuuvuka. Mimi nilikuwa jikoni na Mama nikichambua mboga za sukuma, mahali pazuri sana kwa mtu ajuaye yote, kwa sababu dirisha la jiko linatazama la sebule.

"Muulize mkwe wangu safari ilikuwaje," Mama alisema.

Nasambu alienda, akarudi. "Anasema nzuri. Mama, kuna jambo. Meneja anataka ule mstari wa marehemu utolewe. Anasema ndio unachelewesha ripoti."

Mama aliendelea kukatakata kitunguu.

"Muulize nani amesema ndio unachelewesha."

Nasambu alivuka. Levi alisema ni meneja, na meneja ameambiwa na watu. Nasambu akarudi.

"Anasema ni wataalamu."

"Wataalamu," Mama alisema. "Muulize kama amesoma mpango, ama ameenda kwa mganga akatupiwa kete."

Nilimsindikiza Nasambu kwa macho. Akiwa njiani aliyavua yale maneno viatu, akayapangusa matope, na yalipofika sebuleni yalikuwa mageni kabisa. "Mama anauliza kama ulipata nafasi ya kutazama mpango."

"Mwambie bado," Levi alisema. "Kazi ilikuwa mingi."

"Anasema anautazama sasa hivi," Nasambu alimwambia Mama.

Mpango ni kitu gani? Ngoja niwaeleze kama tulivyoelezwa shuleni, ingawa shuleni somo lilihusu mkate ulioibwa. Tuseme mkate wa mwalimu wa zamu umepotea na anamtafuta mwanafunzi wa namba fulani. Kabla hajainuka kitini anapanga njia. Akiwa na orodha ya vitanda iliyofuata namba, anaenda moja kwa moja kwenye kitanda, anavuta sikio, kazi imekwisha. Asipokuwa na orodha, anaamsha bweni zima na kuuliza kila mmoja jina lake. Kompyuta nayo ukiipa swali hupanga njia kwanza, na ukiiomba itakuonyesha mpango wake: wapi itaenda moja kwa moja, na wapi itaamsha bweni. Ile orodha ya vitanda wao huiita faharasa. Na ile ripoti yenyewe Mama huiita dirisha, kwa sababu haina kitu ndani yake, ni pa kutazamia tu. Kila ukilifungua, kompyuta inakwenda upya kuyakusanya yote unayoyaona.

Levi aliomba mpango. Ukatoka mrefu, mistari imeingiana ndani kama matawi.

"Mwambie aanze kusoma pale palipoingia ndani kabisa," Mama alisema, "halafu atoke nje polepole. Mstari wa marehemu unakula muda gani?"

Nasambu alienda. Levi alisoma, akasoma tena, akakuna kichwa pale palipobaki nywele.

"Kidogo," alisema. "Kidogo sana. Ni kama chumvi tu kwa githeri."

Jibu hili Nasambu alilivusha uwanja likiwa zima, hata akakimbia.

"Nilijua," Mama alisema. "Haya. Kwa maziwa yaliyopokelewa, anaona inatumia faharasa ama inasoma yote?"

Kwenda. Kurudi. "Inasoma yote."

"Mara moja?"

Kwenda. Kurudi, sasa viatu vya Nasambu vimekuwa na unene wa mikate. "Mama, anasema kwa kila mwanachama inasoma maziwa yote tangu mwanzo. Ikimaliza mmoja inaanza tena kwa mwingine."

Mama aliweka kisu chini. "Inaamsha watu wote kwa kila mtu mmoja. Na faharasa niliiacha pale, niliijenga mimi. Kwa nini haiitumii? Muulize: dirisha langu, nani ameligusa?"

Mimi, ajuaye yaliyomo mioyoni, nawahakikishia kwamba moyo wa Nasambu wakati huo ulikuwa umechoka. Alipofika sebuleni alisema, "Mama anauliza kama utakula ugali wa mtama ama wa mahindi."

"Wa mahindi," Levi alisema.

"Anasema hakuna aliyeligusa," Nasambu alimletea Mama.

Hivyo ndivyo tulivyokwama. Mama alirudia kuuliza kuhusu faharasa kwa njia nyingine. Levi aliijenga upya, haikusaidia. Akaijenga tena kwa jina lingine, haikusaidia. Mvua ikaanza. Chakula kikaenda sebuleni: kuku mzima katika bakuli kubwa, na firigisi yake juu kabisa, kwa sababu firigisi ni ya mgeni wa heshima. Levi hakuigusa. Aliifunika na sahani, akaketi akiitazama kompyuta kama mtu aliyeitwa kwa naibu wa mwalimu mkuu bila kuambiwa kosa.

"Labda nitoe tu," alimwambia Nasambu kwa sauti ya chini. "Bosi atafurahi."

"Na si umeona mwenyewe si mstari?"

"Nimeona."

"Na namba ya baba yangu? Na yule Linah wa Endebess ulikuwa unaniambia, mumewe amezikwa juzi tu?"

"Nitairudisha baadaye, Mama Kevin. Mambo yakipoa."

Nasambu alitoka nje. Alipofika katikati ya uwanja alisimama. Mvua ilimpiga, naye hakuinua hata leso.

"Mimi nimemaliza kubeba maneno," alisema, kwa sauti ambayo majirani wa Matulo wangeisikia, na Matulo si karibu. "Tangu asubuhi natembea hapa kama ng'ombe wa kulima. Huyu akisema hivi nasema vile, yule akiuliza hili napeleka lingine, ndio msikosane. Na kazi haiendi. Wazee walisema mkwe na mama mkwe wasionane. Hakuna mzee alisema wasisikiane. Nyinyi wote mna madirisha. Fungueni, muongee. Mimi nimesimama hapa katikati, mbele ya Mungu na majirani, heshima ikianguka nitaiokota."

Bata wa jirani akapita.

Kisha dirisha la sebule likafunguka kidogo, likiwa na pazia. La kwetu lilikuwa limefunguka zamani.

"Mkwe," Mama aliita, akitazama sufuria.

"Mama," Levi alijibu, nadhani akitazama dari.

"Kuna mtu aliligusa dirisha langu?"

"Ni mimi, Mama."

"Uliligusa wapi?"

Hapo sauti ilipungua. "Niliongeza sifuri."

"Sauti, mkwe. Mvua ni kubwa."

"Niliongeza sifuri," Levi alipaza. Kwa jirani mlango ukafunguliwa, watu wakatoka barazani wasikose neno. "Namba za wanachama zilikuwa fupi na ndefu, ripoti ilionekana vibaya. Nikaona ya benki, namba zote ziko sawa, zina sifuri mbele. Nikafanya dirisha liziongezee sifuri mbele zote zitoshane."

"Unaziongeza wakati wa kuchapisha, ama wakati wa kulinganisha mwanachama na maziwa yake?"

Tulisikia Levi akisogeza kiti.

"Wakati wa kulinganisha, Mama."

Mama alifumba macho. Sikumwona Levi, ila nina hakika na yeye aliyafumba, kwa sababu sote tulielewa kwa pamoja, hata mimi na sukuma yangu. Orodha ya vitanda imeandikwa kwa namba tupu. Levi alikuwa amemwagiza mwalimu wa zamu amtafute mwanafunzi kwa namba iliyovalishwa koti. Orodha haina makoti. Basi mwalimu inambidi amwamshe kila mtoto, amvalishe koti, atazame kama anafanana na anayemtafuta, kisha amlaze. Halafu mkate wa pili ukipotea, aanze upya.

"Vua hizo sifuri," Mama alisema. "Namba zilinganishwe zikiwa tupu. Ukitaka kuzivalisha, zivalishe mlangoni zikitoka."

Tulisikia vidole vyake vikigonga. Kisha Levi akapiga kelele moja fupi ambayo si heshima mbele ya mama mkwe. Ripoti nzima, katika nakala ya data aliyokuja nayo, ilikuwa imetoka, na chai niliyokuwa nikiichuja haikuwa imeisha kwenye chujio. Wafu wote walikuwamo. Baba yangu alikuwamo, na lita zake za mwezi.

"Lakini mimi pia nina kosa," Mama aliongeza kwa pazia la mvua, kwa taabu, kama mtu anayetoa mwiba. "Sikuandika popote ule mstari ni wa nini. Nilidhani kila mtu anajua."

*

Hadithi ingeishia hapo kama Levi hangekuwa Levi. Jioni, simu yake ilipokuwa jikoni ikichajiwa, kwa maana soketi ya sebuleni hucheza, alimwita Nasambu kando ya nyumba, chini ya paa la jiko, bila kukumbuka kwamba jiko lina msimulizi ndani.

"Nimefikiria," alisema. "Nitarekebisha sifuri, lakini na mstari pia nitautoa."

"Kwa nini?"

"Nikimwambia Gathii kosa lilikuwa sifuri, atauliza ni za nani. Watu wamenichekea mwaka mzima. Sasa wajue ni mimi niliwachelewesha? Nikitoa mstari, ripoti inakuwa haraka, yeye anasema ni wafu, yameisha. Kazi inabaki. Kevin anaenda shule."

"Na wajane?"

"Nitawasaidia pole pole, mmoja mmoja."

"Levi," Nasambu alisema, na kwetu mke akikuita kwa jina lako ujue mvua haijaisha. "Lori likipita maziwa ya Linah, utamsaidia pole pole? Maziwa yanangoja?"

Dada yangu aliingia ndani akalala bila kusema naye.

Kuna wakati usiojulikana, kati ya hapo na kulala kwa watu, ambapo ujumbe ulitoka katika simu ya Levi kwenda kwenye kundi la WhatsApp la halmashauri ya ushirika, ambamo wamo meneja, mwenyekiti Kipyegon na wajumbe wote. Ujumbe ulisema:

"Wapendwa wajumbe. Mstari wa marehemu haufutwi. Hauchelewishi chochote, nimepima. Kosa la ripoti ni langu mimi mwenyewe, niliongeza sifuri mahali pasipofaa. Seva mpya haihitajiki na wakulima wasikatwe hata senti. Jumatatu nitawaonyesha mpango mbele yenu. Atakayetaka kuwafuta wafu aje kwanza awaulize wajane. Wenu mtiifu, Levi Wakhungu."

Historia haijui ni nani aliyeuandika.

*

Jumatatu Kitale sikuwepo. Lakini Linah wa Endebess alikuwepo, maana habari za ujumbe ule zilikuwa zimepanda mlima na kushuka. Nasambu pia alikuwepo, nyuma kabisa, na mtoto mgongoni. Nimewahoji wote wawili, kila mmoja peke yake, kama wafanyavyo polisi.

Levi aliingia ukumbini bila kujua. Simu yake ilikuwa imezimika tangu Jumapili kwa sababu mtu fulani aliichomoa chaja mapema, na kwao Kitale stima ilikuwa imepotea. Alishangaa kuona watu wengi. Alishangaa zaidi mwenyekiti Kipyegon aliposimama na kusoma ujumbe wote kwa sauti, mpaka "wenu mtiifu."

Nasambu anasema uso wa Levi ulikuwa na rangi ya uji wa wimbi uliopoa.

Gathii aliegemea kiti. "Sasa, kijana wa kompyuta. Huu ujumbe ni wako? Kwa sababu mimi Ijumaa niliambiwa 'sawa, bosi.' Kama simu yako iliibiwa, sema tu. Hatutakuuliza mengi. Utaenda kufuta ule mstari, mkutano utaendelea."

Watu waliokuwepo wanakubaliana kuhusu jambo hili: alikuwa amefunguliwa mlango. Alihitaji kusema tu ndiyo, iliibiwa. Linah anasema alikuwa ameanza kukunja leso yake ili aondoke.

Levi alitazama chini. Akatazama kiti kilichokuwa tupu karibu naye, akakivuta, akakaa bila kukaribishwa.

"Ni wangu," alisema.

"Sikusikia," Gathii alisema.

"Ujumbe ni wangu. Sifuri ni zangu pia. Ile githeri mmekula mwaka mzima nimeipika mimi, si wafu." Akafungua kompyuta. "Naomba wajumbe wasogee."

Aliwaonyesha mpango wa zamani, akautembezea kidole kutoka ndani kwenda nje, akaonyesha mahali bweni lote linaamshwa, ingawa yeye alisema ni kama kukagua kila mkebe wa maziwa Endebess nzima ili kupata wa mtu mmoja. Kisha akaonyesha mpango mpya. Kisha akaitoa ripoti mbele yao. Mjumbe mmoja alikuwa ameinama kutafuta miwani yake mfukoni, na alipoinuka ilikuwa imekwisha.

"Rudia," mjumbe alisema. Akarudia.

"Kwa hivyo unakubali," Gathii alisema, "umechelewesha malipo ya watu kwa ajili ya urembo."

"Nakubali."

"Na unataka tukuache kazini."

"Hilo mtaamua nyinyi. Lakini mstari siutoi. Mkinifuta mimi, mtafute mwingine wa kuutoa, na mtaje jina lake hapa mbele ya watu."

Gathii alisema ushirika wa kisasa hauwezi kuwa na wanachama waliolala kaburini. Mzee Kipyegon, ambaye hupenda kumaliza mambo kabla ya chakula cha mchana, alimgeukia.

"Meneja, hao waliolala wanaleta maziwa kila asubuhi," alisema. "Mjumbe wangu wa kushoto hapa yuko hai na hajaleta hata kikombe tangu Krismasi."

Iliamuliwa hivi: mstari unabaki, na sababu yake iandikwe kando yake ili asije mwingine akasema ni makaburi. Seva hainunuliwi. Levi apewe barua ya onyo kwa ajili ya sifuri, nayo ibandikwe ubaoni wakulima waione. Ilibandikwa. Waliipiga picha. Mpaka leo, akipita sokoni Kitale, kuna wanaomwita Sifuri, naye anaitika. Gathii bado ni meneja na bado anaweka faili juu ya kiti cha pili, ila Levi siku hizi huiondoa.

*

Jumamosi iliyofuata walikuja tena Bungoma, Levi akiwa na blanketi jipya la Mama. Madirisha yote mawili yalikuwa wazi tangu mapema, na Nasambu alikuwa amekaa katikati ya uwanja kwenye kigoda, akila njugu, kama askari wa zamu asiye na kazi.

"Mama," Levi aliita kupitia pazia. "Nimekuja kushukuru. Bila ule ujumbe wako nisingeweza."

Mama alitulia na mwiko mkononi. "Ujumbe wangu upi, mkwe?"

"Ule wa kwa simu yangu. Najua ulimwambia Mama Kevin aandike. Nilikasirika kidogo, lakini imepita."

"Mimi sikumwambia mtu chochote. Nilisikia uliandika wewe, nikamchinja jogoo."

Njugu zilikoma kutafunwa. Nasambu aligeuka polepole, si kuelekea sebuleni, si kumwelekea Mama. Alilitazama dirisha la jiko, upande wa kushoto, mahali ambapo msimulizi asiye na upande alikuwa ameanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

"Joy."

"Nasikia."

"Simu ilichajiwa wapi siku ile?"

"Huku."

"Mama alikuwa wapi?"

"Alienda kufunga ng'ombe."

"Na ni nani katika hii boma anaweza kuandika 'wenu mtiifu' bila kucheka?"

Ningeweza kusema historia haijui. Nilifikiria hilo. Lakini Mama alikuwa ameuweka mwiko chini, na Mama akiweka kitu chini huwa amefungua mikono kwa kitu kingine.

"Ni mimi," nilisema. "Namba yake ya siri ni sifuri tupu, hata haikunisumbua. Na chaja niliichomoa mimi, ili asisome akafuta."

Mama aliongea kwa sauti ya chini iliyoniuma kuliko mwiko. "Kwa hivyo jogoo wangu nilimchinjia mtoto wa shule. Mkwe wangu alisukumwa tu."

Hapo nikagundua kwamba nimemwangusha mtu aliyekuwa amesimama vizuri, na kwamba kuwa ajuaye yote hakunifundisha kufikiria kabla ya kusema.

"Ujumbe ni wangu," nilisema, kwa nguvu ili uvuke uwanja. "Lakini Gathii alipomuuliza, mimi nilikuwa hapa nachambua sukuma. Meneja alimpa njia ya kukana. Hakuna mtu alimwandikia jibu. Lile alijibu mwenyewe."

Nasambu alisema kutoka kwenye kigoda, "Hiyo ni kweli. Niliona."

Mama alifikiri. Akafunua sufuria kubwa, akatoa firigisi, akaiweka juu kabisa ya bakuli, akanipa.

"Peleka sebuleni. Ukifika, piga magoti uombe msamaha kwa kushika simu ya mkubwa wako."

Nilivuka uwanja, nikapiga magoti, nikaomba msamaha kwa kuishika simu. Levi aliichukua firigisi kwa mkono wake akaanza kula. Kwa kutuma ujumbe sikuomba, na yeye, akitafuna, hakunidai.